Uhakiki wa Mizani

Tumezoea kufikiri kwamba uhakiki ni kazi inayofanywa juu ya riwaya, tamthilia na mashairi tu. Mhakiki huchukua kitabu, akakisoma, akatueleza mwandishi kasema nini, kasema kwa lugha gani, na wapi amefaulu au ameshindwa. Lakini yapo maandishi mengine ambayo katika nchi yetu husomwa kwa moyo wa kudunda kuliko riwaya yoyote. Familia nzima huyangoja, ng'ombe huuzwa kwa ajili yake, ndoa huahirishwa mpaka yatoke, na bado sijapata kuona mtu akiyakalia kitako na kuyahakiki kama yanavyohakikiwa maandishi mengine. Nazungumzia karatasi ya matokeo ya chuo, ile ambayo vijana huiita transkripti, pamoja na kitabu cha kanuni kinachoizaa.

Mimi nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na tangu nilipostaafu na kurudi Nkoma watu hunijia na karatasi hizo niwasomee. Kwa hiyo nimezisoma nyingi, pengine nyingi kuliko mtu yeyote ambaye si mfanyakazi wa ofisi ya msajili wa chuo. Katika kuzisoma nimejikuta nikiuliza maswali yale yale niliyokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu kuuliza juu ya kitabu: nani anasema, anamwambia nani, na kitu gani amekiacha bila kukisema.

Tuanze na umbo lake. Karatasi hii imeandikwa kwa Kiingereza chote, kuanzia jina la chuo juu hadi saini chini. Ina safu za namba ya somo, jina la somo, uzito wake, herufi aliyoipata mwanafunzi, na pointi zinazotokana na herufi hiyo. Mwishoni pana wastani mmoja, ndio GPA, na neno moja au mawili yanayosema mwanafunzi anasimama wapi. Nyuma yake, kwa maandishi madogo ambayo mzee asiye na miwani hawezi kuyaona, pana ufunguo wa kuielewa. Kama ingekuwa tungo ningesema mtungaji wake ni mbanifu mno wa maneno. Miaka mitatu ya maisha ya mtu imeenea upande mmoja wa karatasi na nafasi imebaki.

Ubanifu wenyewe sio kosa. Wapo wanaolalamika kwamba karatasi haisemi kama kijana aliumwa malaria siku ya mtihani, au alilala njaa, au alifiwa. Malalamiko hayo ni ya kawaida na sitayarudia, kwa sababu hakuna kipimo duniani kinachoweza kusema yote. Kinachonishughulisha ni kwamba hata yale ambayo karatasi inayasema, inayasema kwa namna ambayo aliyepimwa hawezi kuihakikisha.

Chukua madaraja ya shahada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua milango Oktoba 1961 kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na baada ya kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki tangu 1963 kikajitegemea mwaka 1970. Kutoka kwa Waingereza tulirithi daraja la kwanza, la pili la juu, la pili la chini, na lile la mwisho la kufaulu tu. Baadaye, chini ya maneno hayo ya vyeo, tukaweka namba: A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3, C ina 2, D ina 1, E haina kitu. Wastani wa 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza. Wa 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu. Wa 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini, na wa 2.0 hadi 2.6 ni kufaulu.

Msomaji makini ataona jambo hapo. Kati ya 4.3 na 4.4 hakuna kitu. Mwenye 4.38 yuko wapi? Jedwali halimjui. Ili jedwali hili lifanye kazi ni lazima kwanza mtu aamue kama desimali za nyuma zitakadiriwa kwenda juu, kama tulivyofundishwa darasa la tano, au zitakatwa tu kama mtu anavyokata mkia wa kondoo. Uamuzi huo haumo kwenye jedwali. Umo katika kifungu kimoja cha kitabu cha kanuni, na katika vitabu nilivyosoma husema zikatwe. Basi mwenye 4.39 huandikwa 4.3, naye huitwa wa daraja la pili.

Vilevile herufi. Katika chuo ambacho A huanzia alama 70, kama ilivyo katika vyuo vyetu vingi, mwenye 70 na mwenye 98 wote huingia na pointi 5, na mwenye 69 huingia na 4. Tofauti ya alama 28 imefutika, tofauti ya alama moja imekuzwa kuwa pointi nzima. Sisemi kwamba hili lingeweza kuepukika. Kila ngazi ina ukingo, na palipo na ukingo pana mtu aliyesimama pembeni kabisa. Nasema tu kwamba namba yenye desimali humfanya msomaji aamini kwamba imepimwa kwa mizani ya sonara, kumbe imepimwa kwa debe.

Kitabu cha kanuni chenyewe ni somo lingine la lugha. Sentensi zake karibu zote hazina mtendaji. Mwanafunzi "atakatizwa", mtihani "utahesabiwa kuwa haukufanywa", rufaa "haitapokelewa". Atakatizwa na nani? Haitapokelewa na nani? Katika somo la ufahamu ningempigia mwanafunzi wangu mstari mwekundu hapo. Lakini kanuni imeandikwa hivyo kwa makusudi, ili ionekane kwamba hakuna mtu aliyemwondoa kijana chuoni, ila kijana amejikuta ameondoka, kama nazi iliyoanguka kwa uzito wake yenyewe.

Vijana wameijibu lugha hiyo kwa lugha yao, na kwa kweli hapa ndipo penye fasihi. Mtihani wa marudio wanauita sapu. Somo lililoshindikana na kubebwa mpaka mwaka unaofuata ni keri. Vitini vya kukariri ni madesa, kusoma usiku kucha ni kupiga msuli, hodari wa darasa ni kipanga, na mzito ni kilaza. Kukatizwa masomo, lile neno zito la kanuni, wao wanasema kudisko. Amedisko. Anayesikia kwa mara ya kwanza hudhani kijana amekwenda kucheza muziki.

Nimelifikiria sana neno hilo. Sapu na keri ni maneno ya uaminifu. Yanasema kitu kama kilivyo, yanampunguzia mtu aibu bila kumdanganya. Mwenye sapu mbili anajua ana kazi ya kufanya Septemba, na wenzake wanajua, wala hakuna anayemcheka sana kwa sababu na wao wanazo. Kudisko ni tofauti. Limeletwa na kicheko ili kufunika kitu ambacho hakina kicheko ndani yake. Nakiri linanipendeza kwa sauti. Lakini lina kasoro moja ambayo hata neno la kanuni halina: linamfanya kijana kuwa mtendaji. Kanuni inasema amekatizwa, wenzake wanasema amedisko, yeye mwenyewe kwa kitendo chake. Kutoka pande zote mbili, aliyekata hayumo ndani ya sentensi.

Sasa nije Nkoma. Wasomaji wa mbali huenda hawakujui. Ni upande wa Itilima, kwenye ardhi ya mbuga na pamba, zamani tulikuwa wilaya ya Bariadi katika mkoa wa Shinyanga, na mwaka 2012, ulipoundwa mkoa wa Simiyu na wilaya ya Itilima, tukajikuta tuna anwani mpya bila kuhama hata hatua moja. Huku mtoto akienda chuo kikuu habari husikika mpaka vijiji vya jirani. Akirudi kabla ya wakati husikika mbali zaidi.

Jirani yangu mmoja alikuwa na kijana katika chuo ambacho sitakitaja. Mkopo wa Bodi ulifunika sehemu tu, iliyobaki ilitoka kwenye pamba na ng'ombe. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza kijana akarudi na begi lake lote. Baada ya siku kadhaa za kimya mzee akaja kwangu jioni, amekunja karatasi mfukoni mwa shati. Tulisalimiana kwa kirefu kama ilivyo desturi, akaulizia mke wangu, ng'ombe, mvua. Kisha akasema, "Mwalimu, nisomee hii. Mwanangu anasema amefeli, lakini nikiuliza kafeli nini ananyamaza."

Nikaisoma. Masomo kumi na mawili, yote ya uzito sawa. B moja, C saba, D nne. Pointi 21 kwa masomo 12, ambayo ni 1.75. Karatasi ilisema 1.7. Kanuni ya chuo hicho ilisema aliye chini ya 1.8 katika matokeo ya kwanza hana ruhusa ya kufanya mitihani ya marudio, masomo yake yanakatizwa.

"Moja nukta saba kati ya ngapi?" akauliza mzee.

"Kati ya tano."

"Na angetakiwa kuwa na ngapi?"

"Moja nukta nane."

Akakaa kimya. Halafu akauliza swali ambalo sijawahi kulisikia kwa mwalimu yeyote wala kulisoma katika kitabu chochote cha kanuni. "Hiyo nukta moja iliyopungua, ni kama kilo moja au ni kama gramu?"

Nilimwomba anipe siku mbili. Kijana alikuja na simu yake, tukafungua akaunti yake ya chuo, tukaandika alama halisi kwenye daftari. Katika moja ya zile C saba alikuwa na 48. B ilianzia 50. Kama angepata alama mbili zaidi katika somo hilo moja, jumla ingekuwa pointi 22, wastani 1.83, ambao ukikatwa ni 1.8, naye angerudi Septemba kufanya sapu zake nne. Alama mbili katika jumla ya alama 1,200. Na kama chuo kingekadiria badala ya kukata, hata hizo mbili zisingehitajika, maana 1.75 ikikadiriwa ni 1.8. Niliporudi kwa mzee nilimwambia ni gramu.

Nisieleweke vibaya. Kijana alishindwa masomo manne kati ya kumi na mawili. Hilo si jambo dogo, na sikumwambia baba yake kwamba mwanawe ameonewa. Mpaka ulikuwepo, uliandikwa, na yeye alikuwa upande wa pili wa mpaka. Lakini swali la pili la mzee lilikuwa zito kuliko la kwanza: "Na yeye alijua kwamba amekaribia hivyo?" Hakujua. Alama zake za kazi za muhula katika masomo mawili zilitoka baada ya mtihani wa mwisho kwisha. Alikwenda kwenye mtihani kama mtu anayevuka mto usiku bila kujua maji yamefika kiunoni au shingoni.

Watu wa huku wanafahamu kupimwa. Pamba ikishavunwa, kuanzia mwezi wa tano, familia hukaa kuichambua kabla ya kuipeleka kuuza. Nyeupe isiyo na doa ni safi, ile iliyotiwa madoa na wadudu au kuchafuka ni fifi, nayo ina bei yake ya chini. Mtoto wa miaka kumi anaweza kukuonyesha fifi ni ipi na kwa nini. Daraja linawekwa nyumbani, kwa mikono ya mwenye mali, kabla mnunuzi hajaiona. Mnunuzi anaweza kubisha, lakini anabishana na mtu anayejua anachozungumza.

Mizani nayo ina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walichoka kuibiwa kwenye vituo vya kununulia. Hawakuanza kwa kudai bei. Walianza kwa kuajiri watu wao wenyewe wasimame kando ya mizani ya mnunuzi na kusoma kilichoandikwa. Kutokana na juhudi za namna hiyo, ambazo Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake, vilikua vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa Victoria Federation, muungano ambao baada ya muda mfupi ulihesabiwa miongoni mwa mikubwa kabisa barani Afrika. Baadaye vyama hivyohivyo navyo vilikuja kuwaibia wakulima kwa mizani zao wenyewe, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine. Ninachokitaka hapa ni lile wazo la kwanza: kwamba anayepimwa anayo haki ya kuwa na mtu wake kando ya mizani.

Wakubwa wa vyuo watasema wanaye mtu huyo. Wanamwita mtahini wa nje. Ni mwalimu wa chuo kingine anayealikwa kupitia maswali na kusoma baadhi ya karatasi zilizosahihishwa, desturi nyingine tuliyorithi kutoka Uingereza, na ni desturi nzuri. Nimemfahamu mmoja aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kwa uchungu wa kweli. Lakini mtahini wa nje ameitwa na mwenye mizani na amelipwa na mwenye mizani, na taarifa yake inasomwa na mwenye mizani. Jirani yangu hajui kwamba yupo. Rufaa nayo ipo, ina siku zake na ada yake, na kwa kijana aliyekwisha safiri siku nzima ndani ya basi kurudi Bariadi, siku hizo huwa zimekwisha kabla hajapata nauli ya kurudi.

Kuna pingamizi ninalolisikia kila ninapozungumza haya, nalo ni la haki. Wanasema: Mwalimu, unataka walegeze viwango? Ukilazwa hospitali ungetaka uhudumiwe na muuguzi wa alama mbili za huruma? Jibu ni hapana. Nikiugua nataka muuguzi aliyefaulu, tena vizuri. Ningependa mpaka uwe mgumu hata kuliko ulivyo katika baadhi ya masomo. Ugumu wa mpaka na uwazi wa mpaka ni vitu viwili. Pamba fifi haigeuki kuwa safi kwa sababu mkulima ameona mizani.

Tena hao wanaotetea viwango wakumbuke ni mara ngapi vimehamishwa na wenyewe. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha kiasi cha asilimia 60 ya watahiniwa wamepata sifuri. Nchi nzima ikatikisika. Waziri Mkuu akaunda tume, na Mei 2013 serikali ikayafuta matokeo hayo na kuamuru yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011. Yalipotoka mara ya pili, maelfu waliokuwa wamefeli walikuwa wamefaulu. Karatasi za majibu zilikuwa zilezile. Hakuna aliyeongeza hata neno moja kwenye jibu lake. Baadaye matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 yakatangazwa kwa wastani wa pointi badala ya divisheni, na mwanzoni mwa 2016 waziri mpya wa elimu, Profesa Joyce Ndalichako, ambaye hapo kabla alikuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani, akaagiza divisheni zirudi. Vijana wa mwaka ule mmoja wana vyeti ambavyo kila wanapokwenda kuomba kazi hulazimika kuvieleza. Stashahada nazo: mwaka 2016 wastani wa kumwezesha mwenye stashahada kuingia chuo kikuu ulipandishwa hadi 3.5, mwaka uliofuata ukashushwa kuwa 3.0. Aliyekuwa na 3.2 alikuwa hafai mwaka mmoja, akafaa mwaka uliofuata, bila kufungua kitabu.

Siwalaumu kwa kubadilisha. Kipimo kibaya lazima kibadilishwe. Lakini mtu akisikiliza namna wanavyozungumza, utadhani 1.8 iliteremka na mvua.

Palikuwa na wakati kijiji kilikuwa na kauli juu ya karatasi. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, kijana wa kidato cha sita alitakiwa kufanya kazi kwanza kabla ya kwenda Chuo Kikuu, na ombi lake lilihitaji mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Wapo wazee wenzangu wanaoutamani utaratibu ule. Mimi siutamani. Tawi lililokuwa na uwezo wa kusema kijana huyu ana tabia njema lilikuwa pia na uwezo wa kumwadhibu kijana kwa ugomvi wa mpaka wa shamba aliokuwa nao baba yake. Kumfanya jirani kuwa mpimaji ni jambo moja, na kumwezesha kusoma mizani ni jambo lingine, na mimi nataka hili la pili tu.

Iwapo msomaji anataka kuona upimaji unaofanyika mbele ya macho ya wote, aje Usukumani baada ya mavuno, wakati wa mbina. Bagika na Bagalu, yale makundi mawili makongwe ya ngoma, hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kundi na manju wake. Hakuna jopo la waamuzi wenye kalamu. Watazamaji hutembea. Kundi linalowavuta wengi ndilo linaloshinda, na manju anayeshindwa anauona uwanja wake ukipungua mtu mmoja mmoja, saa ileile, akiwa bado na nafasi ya kubadilisha wimbo, kuleta chatu, kufanya lolote. Najua wanavyosemana kwamba fulani ametumia dawa ya kuvuta watu, na sitaki kuupaka mbina rangi ya haki kamili. Watu huvutwa pia na upuuzi. Hata hivyo manju anayeshindwa huko haji kuuliza baada ya wiki sita kwamba alikuwa amekaribia kiasi gani.

Tofauti hii ya wakati ndiyo naiona kubwa kuliko zote. Karatasi ya matokeo ni maandishi yanayokuja baada ya jambo kwisha. Ingekuwa hadithi, ingekuwa hadithi inayoanza na kaburi. Ninachokiomba si kikubwa. Alama za kazi za muhula zitoke zote kabla ya mtihani wa mwisho, bila kisingizio, na mwanafunzi aambiwe kwa namba amesimama wapi na amebakiza nini kufika mpakani. Kanuni ya kukata au kukadiria iandikwe palepale kwenye jedwali. Na iwepo karatasi ya pili, moja tu, kwa Kiswahili, itakayosema: mtoto wako amefaulu haya, ameshindwa haya, mpaka ulikuwa hapa, yeye yuko hapa, rufaa inapelekwa kwa fulani kabla ya tarehe fulani. Kila sentensi na mtendaji wake. Mtu wa ofisi ya msajili aliniambia kwamba wazazi hawana haki ya kupewa matokeo ya mtu mzima. Ni kweli, na ni vizuri. Apewe kijana mwenyewe. Kwa sasa hata yeye akitaka kumweleza baba yake hana maneno ya kutumia, ana kudisko tu, na neno hilo mbele ya mzee halisemeki.

Jirani yangu na mimi tulishindwa na tarehe za rufaa. Mwaka uliofuata kijana aliomba upya, chuo kingine, akapokelewa, akaanza mwaka wa kwanza tangu mwanzo. Nilimuuliza juu ya yale masomo manane aliyokuwa amefaulu, ile B moja na zile C saba. Akasema hayakuhesabiwa. Nilirudi kwenye kitabu cha kanuni nikakisoma tena jalada hadi jalada kutafuta yameandikwa wapi. Kuna kifungu juu ya wanaohama chuo wakiwa wamefaulu, na kingine juu ya wanaoahirisha masomo kwa ugonjwa. Juu ya manane yake hakuna sentensi.